Uloto

Kiswahili kina maneno yanayobebeshwa mzigo kuliko uwezo wao. Mojawapo ni upungufu wa damu. Litamke mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, na kabla hujamaliza sentensi mtu kashaingia na jagi la juisi ya choya. Nyuma yake yupo wa matembele, na wa maini. Nawapenda majirani zangu kwa hilo. Ila ugonjwa wa binti yetu wa miaka tisa hautibiki kwa choya.

Kwa daktari unaitwa anemia ya aplastiki, na wake ni ule mkali. Uloto, yaani kile kilicho ndani ya mifupa kinachotengeneza damu, umeacha kazi. Chanzo mara nyingi hakijulikani. Kinga ya mwili, ambayo ni askari wa nyumbani, inageuka na kuvamia kiwanda chake yenyewe. Madini ya chuma anayo tele, tena kila chupa ya damu anayoongezewa inayazidisha. Wanaokosekana ni mafundi. Chembe nyeupe zikishuka, homa ya usiku ni safari ya hospitali usiku huohuo. Chembe sahani zikishuka, mswaki tu unatoa damu.

Chembe sahani haziwekwi akiba. Zikishatolewa kwa mchangiaji zinadumu kama siku tano, basi. Kwa hiyo kazi yangu ikawa simu. "Shikamoo mjomba. Umelala vizuri? Umekula?" Ndugu zangu sasa wakiulizwa kama wamekula wanajua ninachotaka.

Kazi ya mama yake ilikuwa mtoto mwenyewe. Mimi nilikuwa na daftari: tarehe, chembe nyeupe, chembe sahani, wingi wa damu. Yeye hakutaka kuliona. "Wewe unasoma karatasi, mimi namsoma mtoto." Jioni moja daftari lilionyesha nafuu kuliko wiki iliyopita. Akamgusa shingoni, akasema twende. Kipimajoto kilisoma 38.6. Kabla ya saa tatu usiku mtoto alikuwa kwenye dripu ya antibiotiki. Sijui ndoa nyingine zinapimwa kwa nini. Yetu ilipimwa hapo, kati ya karatasi na kiganja.

Tiba inayotangulia kwa mtoto ni kupandikizwa uloto wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayelingana naye. Uwezekano wa ndugu mmoja kulingana ni 1 kati ya 4. Sisi tunaye mmoja tu, mdogo wake wa miaka sita. Tulimkalisha chini tukamweleza. Akafikiri weee, kisha akauliza: "Nikimpa, mimi nitabaki na ngapi?" Jamani, hilo ndilo swali ambalo wazazi tulikuwa tunalizunguka: nani anamwombea ruhusa mtoto mmoja kwa ajili ya mwingine? Tukamwambia uloto wake ungejijaza tena, na hilo ni kweli. Akakubali.

Majibu yakarudi: hawalingani. Alilia kuliko sisi. Alidhani amekataliwa.

Ikabaki njia ya pili, dawa za kuituliza kinga. Ya kwanza inatengenezwa kwa kingamwili za farasi, anawekewa kwenye mshipa taratibu, kwa saa nyingi, siku nne mfululizo. Kiwanja chetu cha Chanika ndicho kilichoilipia. Siku ya kwanza alitetemeka kwa baridi hadi kitanda kikalia. Siku ya tatu akauliza kama sasa atakimbia kuliko watoto wote. Ya pili ni saiklosporini, asubuhi saa moja na jioni saa moja, na haitaki kurukwa.

Marie Curie alikufa kwa ugonjwa huu mwaka 1934, baada ya miaka mingi ya kushika vitu vyenye mionzi, na binti yake Ève akaandika kitabu juu ya maisha yake. Huo ndio mpangilio ninaoutaka: mtoto amwandike mzazi. Kwa hiyo haya yangu nayaandika kwa muda tu, nikimshikia kalamu mwenyewe.

Huu ni mwezi wa tano. Kipimo cha mwisho chembe sahani zilikuwa 34,000, na wiki ya tatu hii hajaongezewa. Daktari anasema majibu ya dawa yanaweza kuchukua hadi miezi sita au zaidi, tusishangilie wala tusikate tamaa. Mama yake siku hizi anachungulia daftari, akidhani simwoni.

Saiklosporini imemwotesha vinyweleo mashavuni na kumkoleza nyusi. Mdogo wake anamwita Babu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, alinikubalia kwa sharti moja: niseme kwamba nyusi amezipenda, na zikianza kupungua asiulizwe na mtu.