Niliuza maua ya mama, korosho zikapimwa nikiwa eda

Ukiingia shambani kwetu alfajiri ya katikati ya Julai, harufu inakupokea kabla hujaona kitu. Ua la mkorosho ni dogo sana, jeupe lenye michirizi ya waridi, na hugeuka jekundu kadiri linavyozeeka. Ukilitazama moja halikupi habari yoyote. Yakiwa maelfu juu ya mti mmoja, na umande bado haujakauka, utamu wake unakaa kooni kama umelamba asali.

Binti yangu aliwahi kunionyesha kwenye simu mashamba ya lavenda ya Ufaransa, zambarau tupu mpaka macho yanapoishia, na watu wanalipa nauli kwenda kupiga picha. Nilimwambia kwetu hajatokea wa kulipa nauli kuja kunusa mikorosho, na akitokea atatukuta sote tumejifunga khanga puani kwa ajili ya salfa.

Shamba ni ekari tatu, upande wa Mahurunga hapa Mtwara, ardhi inapoanza kuteremka kwenda bonde la Ruvuma. Chini kuna majaruba ya mpunga, na mbele zaidi mto unaingia kwenye mikoko na kukutana na bahari. Mikorosho ni 81, mingi inanizidi umri. Ni ya mama yangu, naye aliipata kwa mama yake. Sisi Wamakonde tangu zamani tunahesabu ukoo kwa mama, na ndiyo maana nilipofiwa na mume hakuna shemeji aliyekuja kuniuliza habari ya shamba. Hilo namshukuru Mungu. Lakini ndiyo maana pia nilichokifanya mwaka 2021 kilikuwa kizito kuliko deni la kawaida.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuijua hutaelewa nilichouza.

Masika yakiisha tunapalilia. Mei na Juni mti unatoa majani mapya, mekundu-mekundu na laini, kisha mashada ya maua yanafuata. Hapo ndipo adui anapoingia. Tunamwita ubwiri unga. Ni ukungu unaopenda ubaridi na unyevu, yaani hali ileile ya Juni na Julai yetu. Unakuta asubuhi shada limepakwa kitu cheupe kama majivu ya jikoni. Baada ya siku chache maua yanakuwa ya kahawia, yanakauka, yanadondoka. Ua lililoanguka halina korosho, basi.

Mama anaikumbuka miaka ambayo ugonjwa huu haukuwa na dawa. Alikuwa msichana walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, na mikorosho ikabaki mbali, ndani ya vichaka. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Ukisoma vitabuni utaambiwa ni vijiji, ni bei mbaya, ni ubwiri unga. Mama anasema ni vyote, ila kwa jicho lake anakumbuka majivu. Wengine walikata miti wakachoma mkaa. Bibi alikataa kukata, akawa anachekwa. Baadaye wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele walipoeneza matumizi ya salfa, miti ya bibi ilikuwa bado imesimama.

Salfa ni unga wa njano. Unapulizwa kwa mashine ya mgongoni yenye injini, na sharti upulizwe alfajiri, upepo wa kusi haujaamka na umande bado uko kwenye majani, ili unga unate. Sisi tunahesabu kama robo kilo kwa mti mkubwa. Baada ya wiki mbili au tatu unarudia, na msimu mzima unaweza kupuliza mara nne au tano. Ukirudi nyumbani kope ni za njano, machozi yanatoka yenyewe, chai ina ladha ya kiberiti. Siku hizi mifuko tunaipata ya ruzuku, lakini mashine hatuna. Tunakodi pamoja na kijana wake, analipwa kwa mti, na petroli juu yetu. Kwa hiyo kila duru inataka fedha mkononi, na fedha ya korosho haipo mpaka minada ianze Oktoba.

Katika mwanya huo, kati ya Juni na Oktoba, ndipo anapopita mwenye daftari.

Wasomaji wa mbali mtaniuliza kangomba ni nini. Ni kununua korosho kichochoroni, nje ya chama cha ushirika na mnada, mara nyingi zikiwa bado ziko kwenye mti. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mashamba yalihakikiwa ili wenye kangomba wajulikane. Wakatulia kidogo. Njaa ya Julai haikutulia.

Mwaka 2021 mume wangu aliugua figo, tukaambiwa apelekwe Dar es Salaam. Nilihitaji fedha siku ileile. Mwenye daftari alisimama chini ya mkorosho wa kisimani, akatazama juu, akasema maua yamekubali. Akanihesabia 600,000. Nami nikaandika jina langu kwamba Novemba nitampa kilo 600. Nilikuwa najua hesabu yake. Msimu ule mnada wa mwanzo bei ilivuka shilingi 2,000, lakini hata Julai, kabla ya mnada wowote, nilijua kwamba ninatupa. Sijutii kumpeleka mume wangu. Ninachojutia ni kwamba mama alikuwa nyumba ya pili, anachambua mbaazi, na sikumwambia.

Alifariki mwishoni mwa Agosti. Nikakaa eda. Wasioijua, ni miezi minne na siku kumi, mjane anatulia ndani. Korosho zilianza kudondoka nikiwa ndani. Nilisikia watoto wakiokota, nilisikia mama akifokea mbuzi, na nilisikia zikimwagwa kwenye mkeka uani kuanikwa. Nikawa nahesabu siku, namwomba Mungu yule bwana asahau.

Hakusahau. Alikuja Novemba na mizani na vijana wawili. Dirisha langu lilikuwa limefungwa, nilichosikia ni sauti tu. Mama aliuliza, "Mizani ya nani hii?" Daftari likasomwa. Kukawa kimya, nikasikia mama anavuta kiti.

Hakulia wala hakugomba. Alikaa akasimamia upimaji gunia kwa gunia. Mara mbili nilimsikia akisema, "Ondoa mguu kwenye mizani, mwanangu." Walipoondoka aliingia chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akaniambia, "Nimempa kilo mia sita. Yamebaki magunia mawili." Kisha akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo hakulitaja tena, na mimi ningependa angelitaja.

Mwaka huu binti yangu amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Ada ya Serikali hakuna, tunashukuru. Lakini fomu ya kujiunga ilikuwa na kurasa za kutosha: godoro, sare, ndoo, shuka, viatu, na nauli ya basi ambayo haikuandikwa ila ipo. Kuripoti ni Julai. Mwenye daftari naye huwa anajua tarehe za kuripoti kuliko walimu. Alipokuja sikuwahi hata kumwitikia salamu vizuri, nikamwambia asubiri, nikaenda kwa mama. Nikamweleza yote, kiasi anachotoa na kilo anazotaka. Mama alikuwa anapepeta. Hakunitazama. Akasema, "Maua siuzi. Mbuzi nauza."

Mbuzi walikuwa watatu, wakauzwa wawili. Kaka yangu, mvuvi wa Mikindani, alileta godoro juu ya bodaboda, kwa sababu yeye ndiye mjomba na mjomba hawezi kuja mikono mitupu. Bado haikutosha. Tulikuwa tumetenga fedha ya mashine kwa duru ya tatu ya salfa. Usiku tukakaa watatu, mimi, mama na binti. Binti akasema yeye anaweza kuchelewa mwezi mmoja, duru haiwezi. Mama akasema mtoto akichelewa mwezi hatafikia wenzake. Nikachukua fedha ya mashine, nikakata tiketi. Aliripoti amechelewa wiki moja, amebeba godoro na mabibo makavu ya bibi yake.

Wiki hiyohiyo ukungu ulipanda kutoka bondeni, na manyunyu siku tatu mfululizo, Julai! Salfa ilikuwa stoo, imejaa, na mashine haipo. Nilipita kila asubuhi na kitambaa nikitazama mashada kama mtu anayepima mtoto homa. Siku ya tano nikaona majivu kwenye miti ya chini, ile inayotazama mto. Tulipopata mashine kwa mkopo wa kikoba ilikuwa imeshapita siku tisa. Miti 19 imeungua maua. Baadhi yatachipua mengine ya nyuma, lakini maua ya nyuma hayana nguvu.

Jumapili binti alipiga kwa simu ya matroni. Hakuuliza habari za nyumbani, aliuliza mingapi. Nilitaka kumwambia mitano. Nikamwambia kumi na tisa. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Na ule wa kisimani?"

Ule umeshika. Nilikuwa nimesimama chini yake wakati naongea naye. Kwenye mkorosho korosho hutangulia, bibo huja kuvimba baadaye, kwa hiyo sasa hivi kuna vitu vya kijani kama maharage vinaning'inia vyenyewe kwenye vikonyo, havina mwili. Nilimhesabia vya tawi moja, vikafika kumi na nne, salio la matroni likaisha. Mama alikuwa ameshaanza kufagia chini ya mti, mwezi mzima kabla ya wakati.