Siku Tatu Katwe

Likizo ya Agosti tulikuwa walimu wanne, wote wa Kiswahili, tukateremka kutoka Kasese hadi Katwe, mji mdogo ulio kati ya Ziwa Edward na ziwa la chumvi lililomo katika shimo la volkano. Tulifikia nyumba ya enzi za wakoloni, ambayo siku hizi hulaza wageni. Kuta zake ni nene, hata adhuhuri chumbani mle mlikuwa na ubaridi. Barazani pale palitosha viti vinne tu. Kule ziwani kulisikika viboko wakikoroma. (Mwanafunzi aone jinsi MU-, PA- na KU- zilivyogawana makao yetu.)

Siku ya pili tulitazama wanawake wakikusanya chumvi majarubani, na wanaume waliosimama ndani ya maji makali wakivunja mawe ya chumvi. Mchuuzi mmoja wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alituambia: "Bwana yangu iko mu maji." Mwenzetu anayefundisha Bwera alicheka kichinichini. Wanafunzi wake, alisema, huandika vivyo hivyo, naye huwapigia msalaba kwa wino mwekundu.

Tulibishana hadi usiku. Mimi nilishikilia, na ningali nashikilia, kwamba "mu maji" si uvivu. Lugha nyingi za Kibantu huweka alama ya mahali mwanzoni mwa nomino: Mnande husema *oko mesa*, yaani mezani. Kiswahili sanifu hutumia kiambishi tamati -ni, na alama ile ya kale imesalia katika upatanisho. Basi mtoto wa Bwera, ambaye Lukonzo chake ni ndugu wa Kinande, huijua ngeli ya mahali kabla hajaingia darasani. Ama "iko", hilo nililikubali: mume ni kiumbe hai, na kwa kuwa yu ndani, "yumo majini".

"Nimpe alama ngapi, basi?" aliuliza mwenzetu. "Mtihani hautambui Kinande."

Hoja yake ilikuwa nzito, wala sikuwa na jibu la kumridhisha. Tuliafikiana jambo moja dogo: badala ya msalaba, achore mshale kutoka "mu" hadi mwisho wa nomino.

Muhula ulipoanza alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Palikuwa na mshale mwekundu, na chini yake mwandiko wa mtoto: "Nyumbani mwetu mna watu saba."