Kijana Aliyekwenda Kusoma Mawe

Barua ya chuo kikuu ilipofika katika nyumba moja ya wakulima pande za Nakuru, mwaka 2014, mzee mwenye nyumba aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani na kumwuliza mwanawe kama karani aliyeiandika hakukosea. Mzee alidhani ya kuwa "jiolojia" ni "jiografia" iliyopigwa chapa vibaya. Mwanawe alipomweleza ya kuwa hakuna kosa, na ya kuwa jiolojia ni elimu ya miamba na ya ardhi jinsi ilivyojengwa, mzee alinyamaza kitambo. Mwisho akasema, "Mwanangu, shamba hili lina mawe tele. Ungaliniambia mapema, ningalikufundisha mwenyewe bila karo."

Watu wa nyumbani walicheka, lakini kijana hakucheka, maana alijua ya kuwa ndani ya mzaha ule mlikuwa na uchungu. Kwa miaka mingi baba yake alikuwa amewaambia majirani ya kuwa mwanawe wa pili atakuwa daktari. Alama za mtihani zilikuwa nzuri, ila hazikutosha kwa udaktari. Hata hivyo mzee aliuza mtamba, akaongeza fedha hizo juu ya mkopo ambao serikali huwapa wanafunzi, na kijana akaenda Nairobi na sanduku moja.

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa elimu hii ni kuokota mawe na kuyapa majina. Mwanafunzi huacha kudhani hivyo katika miezi ya kwanza. Majina yapo, tena ni mengi, lakini kemia yahitajika ili ijulikane jiwe limefanyika kwa vitu gani, fizikia ili ijulikane linavyobeba uzito na linavyovunjika, na hesabu ili mwinamo wa matabaka upimwe. Kijana alifundishwa kupima ugumu wa madini kwa kipimo alichokitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Kipimo hicho kina daraja kumi: ya kwanza ni talki, na ya kumi ni almasi. Alifundishwa ya kuwa ukucha wa mtu waweza kukwaruza daraja mbili za kwanza tu. Alifundishwa kudondosha tindikali juu ya jiwe la chokaa na kutazama linavyotoa povu. Akafundishwa pia kulisaga jiwe mpaka unene wake uwe sehemu tatu tu katika mia za milimita moja, hata nuru ikapenya. Na jiwe lililokuwa jeusi mkononi likaonekana katika hadubini lina rangi kama za kanga mpya.

Katika likizo ya kwanza mzee alimwuliza ni nani aliyeianzisha elimu hii. Kijana akamsimulia habari za James Hutton, aliyezaliwa Edinburgh katika nchi ya Uskoti mwaka 1726. Bwana huyo alisomea udaktari akahitimu mwaka 1749, lakini hakuufanyia kazi, akaenda kulima shamba lake. Huko shambani aliona jinsi mvua ichukuavyo udongo na kuutia mtoni, na mto kuupeleka baharini. Akajiuliza swali ambalo kila mkulima aweza kujiuliza: ikiwa udongo waondoka siku zote, mbona nchi haijabaki mifupa mitupu? Bila shaka iko njia ambayo nchi mpya hufanyika. Mawazo yake aliyatoa mbele ya wataalamu wa Edinburgh mwaka 1785. Miaka mitatu baadaye, mahali paitwapo Siccar Point kando ya bahari, alionyesha matabaka ya mawe yaliyosimama wima, na juu yake matabaka mengine yaliyolala kwa mwinamo mdogo. Yale ya chini yalitandazwa kwanza yakiwa matope ya bahari, yakawa mawe, yakakunjwa na kuinuliwa, yakaliwa na mvua, ndipo yale ya juu yakatandazwa. Kazi kama hiyo haiwezi kumalizika kwa miaka elfu chache. Leo yajulikana ya kuwa dunia ina umri wa miaka ipatayo milioni 4,500.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Basi hata huyo," akasema, "aliacha udaktari akashika jembe." Tangu siku ile hakuyafanyia mzaha tena masomo yale, ingawa hakuyasifu.

Mwaka wa pili wanafunzi walipelekwa nje kujifunza juu ya ardhi yenyewe. Kila mmoja alikuwa na nyundo, dira yenye kipimo cha mwinamo, kioo cha kukuzia, na daftari. Mwalimu wao alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa mtu yeyote: katika ukurasa wa kushoto mwanafunzi aandike alichokiona, katika ukurasa wa kulia aandike anachokidhani, wala asichanganye. Kijana alisimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali alipopita mara nyingi akiwa ndani ya basi, akaona ya kuwa hajapata kupatazama. John Walter Gregory alipofika katika bonde hilo mwaka 1893, alitambua ya kuwa halikuchimbwa na mto, bali sakafu yake ilizama kati ya nyufa ndefu za ardhi. Kwa kijana, ule ukuta wa mawe aliokuwa akiuona tangu utotoni ulianza kusomeka kama ukurasa.

Lakini somo lililomgusa kuliko yote lilikuja mwaka wa tatu, nalo halikuhusu mawe tu, bali maji yapitayo ndani yake.

Mwalimu alieleza ya kuwa katika nchi ya volkeno maji ya chini hupita polepole katika mawe na majivu ya kale, yakayeyusha chumvi za namna nyingi. Moja katika hizo ni floraidi. Mahali penye kalisi nyingi majini, kalisi huishika floraidi na kuitenga na maji. Lakini maji mengi ya Bonde la Ufa yana magadi mengi na kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki mumo humo. Ikiwa kidogo husaidia meno, ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto anywaye maji yaliyoupita mpaka huo, wakati meno yake ya ukubwani yangali yakifanyika ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia; na ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia.

Kisha mwalimu akaonyesha picha ukutani. Wanafunzi waliitazama picha, na wawili watatu wakageuka kumtazama kijana. Yeye alifumba kinywa. Meno yake yalikuwa kama yale ya ukutani, na ya baba yake vile vile, na ya ndugu zake. Nyumbani walikuwa wakiambiwa ya kuwa hayo ni meno ya ukoo. Tangu akiwa mtoto alikuwa akifunika mdomo kwa mkono kila alipopigwa picha, na hakuna mtu aliyewahi kuyashuku maji.

Mwezi wa Desemba mwaka huo, 2016, aliporudi nyumbani, alikuta majirani wamechanga fedha za kuchimba kisima kirefu. Jambo hilo lilikuwa la haki kabisa, maana wanawake walikuwa wakienda mbali na mitungi yao. Kulikuwa na fundi mmoja atafutaye maji kwa kijiti cha panda, lakini wazee walisema, "Tungoje msomi wetu wa mawe, yeye atatuonyesha pa kuchimba." Baraza likakutana chini ya mti. Kijana aliombwa asimame aonyeshe mahali.

Hakuonyesha. Alisema ya kuwa maji yapo bila shaka, lakini kabla ya kutoa fedha inafaa maji ya visima vilivyo jirani yapimwe kwanza, ili ijulikane kama yafaa kunywewa. Watu wakanung'unika. Mmoja akasema kwa sauti kuu, "Miaka mitatu chuoni, na hajui maji yaliko!" Wengine wakacheka. Mzee alikaa akitazama chini, wala hakusema neno mpaka baraza lilipovunjika.

Usiku ule alimwambia mwanawe, "Leo umenitia aibu mbele ya watu niliowaambia habari zako."

"Nisamehe, baba," akajibu kijana. "Ningaliweza kunyosha kidole popote, nao wangalinisifu. Lakini ningaliwaambia ninachokidhani kana kwamba nimekiona." Kisha akaeleza habari za floraidi, tangu mawe hata meno. Ndani ya nyumba alikuwamo mtoto wa kaka yake, mwenye miezi minane, amelala juu ya mgongo wa mama yake. Kijana akamwelekezea baba yake mtoto yule. "Huyu meno yake ya ukubwani hayajaota bado," akasema.

Mzee hakujibu. Lakini asubuhi alionekana ameshika chupa za plastiki, tayari kwa safari. Baba na mwana walivizungukia visima vitatu, wakasuuza kila chupa mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kuijaza, wakaandika jina la kisima na tarehe. Chupa zilipelekwa kupimwa. Majibu yaliporudi, kisima kimoja kilikuwa karibu na mpaka, na viwili vilikuwa vimeupita mbali.

Katika baraza la pili kijana hakusema. Aliyesimama ni mzee mwenyewe. Aliisoma karatasi ile yote, kisha akaikunja, akafungua kinywa chake mbele ya watu wote, akawaonyesha. "Haya," akasema, "nimewaambia watoto wangu ya kuwa ni meno ya ukoo. Si ya ukoo. Ni ya maji." Siku ile hapana aliyecheka.

Kisima kilichimbwa, lakini kwa ajili ya mifugo, na kufua, na kuoga. Kwa maji ya kunywa watoto, watu walianza kuweka mifereji chini ya mabati na matangi ya kukinga mvua, na wachache wenye uwezo walinunua vichujio vya mkaa wa mifupa, ambao huinasa floraidi. Walifundishwa pia ya kuwa kuyachemsha maji hakuiondoi, kwa sababu mvuke huondoka na floraidi ikabaki. Si wote waliokubali. Wengine walisema baba zao waliyanywa maji yale wakaishi hata uzee. Hilo nalo lilikuwa kweli, na kijana hakubishana nao.

Mwaka 2018, mwezi wa Machi, baada ya mvua kubwa, ulifunguka ufa mrefu upande wa Suswa, ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Habari zikaenea ulimwenguni ya kuwa Afrika yapasuka vipande viwili. Watu wale wale waliomcheka chini ya mti walimpigia simu kumwuliza kama wahame. Akawajibu kwa kufuata kurasa mbili za daftari. Kilichoonekana ni korongo refu katika majivu laini ya volkeno. Kilichodhaniwa kilikuwa zaidi ya kimoja: wako waliosema ni nguvu za chini ya ardhi, na wataalamu wengi walisema ni maji ya mvua yaliyosomba majivu yaliyokuwa yameujaza ufa wa kale. Ya kuwa Bonde la Ufa lapanuka ni kweli, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hapana haja ya kuhama, isipokuwa kwa yule ambaye nyumba yake iko ukingoni.

Alihitimu mwaka huo huo, akapata kazi katika shughuli za maji. Wenzake wengine waliingia katika ujenzi wa barabara, au katika mvuke wa Olkaria, ambao umekuwa ukitoa umeme tangu mwaka 1981. Na wengine walikaa muda mrefu bila kazi, maana shahada peke yake haimwajiri mtu. Hapana hata mmoja katika darasa lake aliyegundua dhahabu.

Basi mzazi ambaye mwanawe ameleta barua yenye jina la elimu asiyoijua, asiharakishe kuuliza mshahara wake. Amwulize kwanza ni kitu gani ambacho elimu hiyo itamfunza kukiona, ambacho watu wa nyumbani hukitazama kila siku wasikione. Na kijana aendaye kusoma ajue ya kuwa itafika siku ambayo watu wake watataka jibu la haraka, naye hatakuwa na lingine la kuwapa ila "Tupime kwanza." Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, hata ardhi huulizwa.

Mwaka 2023 yule mtoto wa kaka yake aliota meno mawili ya mbele ya ukubwani. Babu yake alimwita mlangoni palipo na mwanga, akavaa miwani, akamwambia afungue kinywa. Aliyatazama kwa muda mrefu. Yalikuwa meupe.