Kabla Hujamwaga Jiki

Watoto waliokulia kwenye migomba ya Kilimanjaro walijua mapema kwamba maji ya mgomba hayajionyeshi siku ya kwanza. Yanarukia shati kama maji mengine tu. Yakishakauka na kupigwa na hewa, tanini zilizomo hugeuka kahawia, na nguo ikifuliwa na kupigwa pasi ndipo doa linapokolea. Mwalimu mmoja mstaafu wa sayansi kimu, aliyelelewa Marangu miaka ya 1970, anasema mashati mengi ya shule yaliharibika jioni, watoto walipokwenda kumkatia ng'ombe migomba kabla hawajavua sare.

Kutupa sare halikuwa jambo la kufikiria. Mama yake alikuwa na dawa kwa kila doa. Maji ya mgomba yalisuuzwa papo hapo na kufikichwa kwa sabuni ya mche yakiwa bado mabichi. Damu ilitolewa kwa maji baridi peke yake, maana maji ya moto huipika protini yake ikang'ang'ania kwenye nyuzi. Kutu ya waya wa kuanikia ilipakwa ndimu na chumvi, shati likaachwa juani. Tindikali ya ndimu huyeyusha kutu. Mwisho ilikuja bluu, kidonge kilichofungwa kwenye kitambaa na kukorogwa katika maji ya kusuuzia. Bluu haikutoa doa lolote. Ilifunika umanjano wa pamba, jicho likaona weupe.

Kisha sabuni yenyewe ikaadimika.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kupata kipande cha sabuni. Wengi walifulia majani ya mpapai: unayaponda, unayafikicha kwenye maji mpaka yatoe povu, unaloweka nguo. Waliopitia kipindi hicho hukisimulia kwa kicheko, kama kioja cha siku za dhiki. Mwalimu hacheki. Chuoni alikuja kujifunza kwamba mpapai una saponini, zinazotoa povu, na papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Wazo la kufulia vimeng'enya lilisajiliwa na mkemia wa Kijerumani, Otto Röhm, mwaka 1913. Yeye alitumia vya kongosho la mnyama. Sabuni nyingi za unga zinazouzwa leo kwa sifa ya kutoa madoa sugu zina vimeng'enya vya aina hiyo.

Doa lililogoma kabisa lilimalizwa kwa rangi. Hilo nalo lilikuwa la zamani: katika karne ya 19, marekani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja kutoka Massachusetts, kilitiwa nili kikawa kaniki. Mwalimu alijifunza kutia rangi kwa akina mama wa batiki alipokuwa ameanza kazi. Waliyeyusha rangi kwenye maji ya moto pamoja na kostiki soda na haidrosi, mikono ndani ya glavu, kwa kuwa kostiki huunguza ngozi. Shati liliingizwa likiwa limelowa, likageuzwageuzwa kwa mti lisitoke na mabaka. Rangi ya bluu ndiyo iliyomshangaza. Nguo ilitoka kwenye beseni ikiwa na kijani cha kuelekea manjano, na ilipotandazwa hewani ikageuka bluu watu wakitazama. Hewa inayoyageuza maji ya mgomba kuwa doa ndiyo inayoifunga rangi hiyo ndani ya uzi.

Masharti hayakuwa mengi. Mafuta yote yatolewe kwanza, kwa sababu palipo na mafuta rangi haishiki. Rangi mpya ikolee kuliko doa, vinginevyo doa litachungulia. Shati jeupe likitoka hapo haliwezi kurudi darasani. Litavaliwa nyumbani au kanisani.

Mambo hayo yaliwezekana kwa sababu nguo nyingi zilikuwa pamba tupu, kutoka viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na Mwatex cha Mwanza. Tetroni, yaani poliesta, ilipoenea kwenye sare, na mitumba ilipoingia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, somo la rangi alilofundisha mwalimu likaanza kumkwamisha. Sketi ya tetroni ilikaa kwenye beseni muda uleule, na iliposuuzwa rangi yote ikaenda na maji. Blauzi ya mchanganyiko ilitoka imepauka, mishono ikiwa myeupe vilevile. Poliesta haipokei rangi za pamba. Ina zake, tena zinataka moto mkali kuliko wa beseni la nyumbani. Mafuta ya kupikia, kwa upande wake, inayashika kweli. Tangu hapo mwalimu akaanza kipindi cha rangi kwa kusoma lebo ya nguo.

Siku hizi kinachokimbiliwa kwanza ni jiki. Kwenye pamba nyeupe inafanya kazi, kwa kipimo. Kwenye sufu na hariri inakula nguo. Kutu inazidi kuikoleza. Na kwenye nguo ya rangi inaacha alama nyeupe ambayo hakuna sabuni itakayoitoa, kwa sababu hapo pameondoka rangi yenyewe. Dawa ya alama hiyo ni moja tu: kutia rangi upya.

Ufundi huo haujafa. Kwenye mitumba ya Dar es Salaam vijana wanarudishia rangi jinzi zilizopauka, na wanunuzi wazoefu wanazitambua. Wanageuza mfuko nje: bitana ambayo kwa kawaida ni nyeupe ikiwa imeloa bluu au nyeusi, jinzi hiyo imepitia kwenye pipa. Mwalimu haoni ubaya, mradi muuzaji aseme na mnunuzi aifue peke yake mara za mwanzo.

Kwa mwenye nguo yenye doa leo, ushauri wake ni huu. Usiipige pasi kabla doa halijatoka. Usichanganye jiki na ndimu wala siki, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na hiyo ni sumu. Soma lebo: ikiwa pamba tupu, rangi itashika, poliesta ikizidi nusu, usipoteze hela yako kununua rangi ya batiki.