Sauti ya Mama na Diski Tano



Sisi ni watu wa pwani tulioletwa na kazi Kibirichia, katika kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, nchi ya baridi na mashamba ya viazi. Ndani ya kompyuta yetu tumehifadhi sauti ya marehemu mama yetu, Mungu amrehemu, akisoma Utendi wa Mwana Kupona, ule waosia wa mama kwa binti yake uliotungwa mwaka 1858, kisha akitusimulia ngano za Lamu. Jumla yake ni dakika 74.

Mama mdogo, nduguye marehemu, anaishi Mombasa. Macho yake hayaoni tena, na simu za kioo hawezi kuzitumia. Lakini redio yake ya diski anaijua kila kitufe kwa kupapasa. Alituomba jambo moja tu: amsikie dada yake. Mpwa wetu alikuwa asafiri Jumamosi alfajiri, nasi tukanunua mjini Meru diski tupu tano za CD-R, ambazo zikishachomwa hazifutiki.

Kompyuta yetu hutumia Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux ambao jina lake, kutoka lugha za Afrika Kusini, ni ndugu wa neno letu utu. Programu tuliyotumia kuchomea ni Brasero.

Diski ya kwanza, Alhamisi, ilichomeka vizuri, lakini tulipoijaribu kwenye redio ya jirani ilikaa kimya. Kumbe tulichagua mradi wa data, tukanakili mafaili ya MP3 jinsi yalivyo. Kompyuta huyasoma; redio ya zamani hutaka diski ya sauti, ambayo kipimo chake ni dakika wala si megabaiti. Diski ya megabaiti 700 hubeba dakika 80 za sauti. Tukachagua mradi wa sauti, na programu ikayakataa mafaili hadi tulipoongeza kodeki za MP3 kutoka ghala la programu la Ubuntu.

Ijumaa usiku tukaanza upya. Diski ya pili ilisimama kabla ya robo. Ya tatu haikuanza kabisa. Zikabaki mbili, na gari ni alfajiri.

Hapo tukakumbuka kwamba kijana wetu wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameweka mchezo kwenye kompyuta hiyo siku iliyotangulia. Hatukumuuliza. Tulimkemea mbele ya binamu yake, tukamwambia ameipoteza sauti ya bibi yake. Alinyamaza, machozi yakimlengalenga, kisha akasema kwa adabu, “Mama, Baba, programu imeandika sababu pale chini. Hatujaisoma.”

Tukaisoma. Ilisema kwamba kifaa kimeshindwa kupima nguvu ya mwanga wake. Kabla ya kuandika, mwanga wa leza hujijaribu kwanza mahali padogo karibu na kitovu cha diski, na kuandika huhitaji nguvu nyingi kuliko kusoma. Kifaa chetu ni cha nje, cha waya wa USB, nasi tulikuwa tumekichomeka kwenye kigawaji cha matundu manne ambacho kinategemea umeme wa tundu moja la kompyuta. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu. Na usiku ule, pembeni ya kifaa, tulikuwa tumechomeka simu zetu mbili zipate chaji. Alhamisi hazikuwapo. Basi waliokinyima kifaa umeme tulikuwa sisi wenyewe. Mchezo wa mtoto haukuhusika hata kidogo.

Tukaziondoa simu, tukakichomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta, tukapunguza kasi ya kuchoma badala ya kuiachia ile ya juu kabisa, tukafunga programu nyingine zote. Diski ya nne ikakamilika. Tulipoitia kwenye redio ya jirani, sauti ya mama ikajaa chumba, na hakuna aliyesema neno.

Kisha tukamwita kijana wetu, mbele ya binamu yake yule yule, tukamwomba radhi. Hilo lilitulemea kuliko kazi yote ya usiku ule, kwani wazazi tumezoea kuombwa radhi na si kuomba. Akatusamehe upesi, jinsi watoto wanavyosamehe, nasi tukaona haya zaidi.

Jumapili mama mdogo alipiga simu. Hakuzungumza mengi, alitusikilizisha redio yake, na nyuma ya sauti ya mama tukamsikia akifuatisha beti kwa kunong’ona.

Diski ya tano bado ipo. Tumempa kijana aichome mwenyewe, awe na nakala yake ya sauti ya bibi yake.