Kabla ya Simbu Alikuwapo Shahanga

Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, vijana wengi walishangilia kana kwamba nchi hii ndiyo kwanza inaanza kukimbia. Furaha yao ni halali, maana dhahabu ile ni ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo. Kinachouma ni kwamba ukimtaja Gidamis Shahanga wanabaki wakikutazama, hata walioko Katesh alikozaliwa. Mwaka 1978, kijana wa miaka 20 asiyejulikana, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39, akamwacha Jerome Drayton wa Kanada nyuma yake mbele ya Wakanada wenzake. Brisbane, 1982, akatwaa dhahabu ya mita 10,000, na Mtanzania mwenzake Zakaria Barie akachukua fedha. Wote wawili walisoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, alikosoma pia Suleiman Nyambui, bingwa wa mita 10,000 wa vyuo vya Marekani kwa miaka minne mfululizo. Mwaka 1983 Barie naye akawa bingwa wa vyuo wa mbio za nyika.

Wapo wanaosema siri ya wakimbiaji hao ni milima na damu. Mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, Shahanga ni wa Hanang, na hewa ya huko ni nyepesi. Sikatai. Lakini hayo hayaelezi kwa nini wakimbiaji kama hao wamekuwa adimu: Mlima Hanang una mita 3,420 leo kama ulivyokuwa 1978, na damu haijabadilika. Kilichobadilika ni ardhi na shule. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, nyanda za Basotu huko Hanang zilianza kulimwa ngano kwa msaada wa Kanada, hadi shirika la umma la NAFCO likawa na mashamba makubwa saba, maelfu kwa maelfu ya ekari za malisho bora ya wafugaji wa Kibarbaig. Trekta zilipita hata juu ya bung'eda, kaburi la mzee wa heshima, kilima cha udongo ambacho ukoo hukijenga kwa miezi mingi na kukizuru vizazi hata vizazi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo kwa sehemu kubwa. Familia nyingi zikaswaga mifugo kwenda Singida, Morogoro, hata Usangu. Hao walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe.

Atasema mtu kwamba dhiki ndiyo inayozaa wakimbiaji, na ataleta mfano wa Lopez Lomong, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya Kakuma, akawa bingwa wa mita 1,500 wa vyuo vya Marekani mwaka 2007 na kubeba bendera ya Marekani kwenye Olimpiki ya Beijing. Mfano huo unanisaidia mimi. Kambi haikumpa Lomong ubingwa. Alipata familia ya kumlea, shule, kocha, kisha Chuo Kikuu cha Northern Arizona. Mtoto wa Kibarbaig anayehama na ng'ombe huenda anakimbia kuliko wote, ila hakuna mwalimu aliyeshika saa kumpima, na jina lake haliko kwenye daftari la shule yoyote ili apelekwe UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Kila familia iliyohamishwa Basotu ilituondolea watoto ambao hatutajua wangekuwa nani.

Yaliyofuata yanajulikana. Miaka ya 2000 ilipoanza, serikali ilisimamisha michezo ya UMITASHUMTA na ile ya sekondari, UMISSETA, eti inavuruga masomo, na iliporudishwa viwanja vingi vilikuwa vimeota majani. Jeshi likabaki kuwa ngazi ya uhakika. Simbu mwenyewe ni askari wa JWTZ. Jeshi linastahili shukrani, lakini linampokea mtu aliyekwisha kukua, na Shahanga wa kesho ana miaka 12. Halmashauri za Mbulu na Hanang ziajiri walimu wa michezo wa shule za msingi, na zianzie Basotu.