Saa ya Babu na Mzee wa Beni

Marehemu babu yetu, aliyekuwa karani, alituachia saa ya mkono ya Uswisi aliyoinunua mwaka 1954. Mashine yake ingali inakwenda, lakini uso wake umeharibika. Unyevu umeutia madoa, na zile tarakimu zilizowaka gizani, hata watoto wa zamani wakagombana nani alale karibu na mkono wa babu, zimekuwa na rangi ya kahawa. Tulitaka uso huo urudishiwe uzuri wake, ndipo tumkabidhi mwanetu wa kwanza aivae.

Tulianzia sokoni Butembo. Mafundi wa saa huko si haba, kila mmoja na meza yake. Kutia betri, kufupisha mkanda au kubadili kioo ni kazi ya muda mfupi. Kuufanya upya uso wa saa ya kale ni kazi nyingine kabisa. Kijana mmoja hakusita hata kidogo: “Mwalimu, niachie. Nitakwangua rangi yote kwa wembe, nipake nyingine. Kesho ni mpya.” Alisema hayo huku akikwangua saa ya mtu mwingine na kuupuliza unga wake kwa mdomo.

Tukaomba kuona kazi aliyokwisha kuimaliza. Tulipoitazama kwa kioo cha kukuzia, tuliona tarakimu zimesimama kombo kama watoto wa darasa la kwanza waliochoka mstarini, na jina la kiwanda limepungukiwa herufi moja. Tukairudisha saa mfukoni. Twakiri kwamba siku ile kosa tuliloliona lilikuwa la mwandiko tu.

Mfanya biashara mmoja akatutajia mzee wa Beni. Mwendo ni kilometa zipatazo 54, lakini siku hizi mtu haufanyi bila kuuliza kwanza habari za njia. Pale Maboya hospitali ilishambuliwa na kuchomwa moto mwezi wa Oktoba 2022. Tulingoja majuma mawili, ndipo tukaondoka.

Mzee aliipokea saa kwa mikono miwili, asiifungue.

“Mwanangu, zamani iliwaka gizani?”

“Naam, Mzee, lakini mwanga umekwisha.”

Akaiinamia kwa kioo chake, akatuonyesha chini ya tarakimu ya sita neno SWISS likiwa peke yake. Saa nyingi za baadaye, tangu miaka ya 1960, zina herufi T kila upande wa neno hilo, alama ya tritiumu. Yetu ni ya rangi ya zamani zaidi, ya radiumu. “Mimi siigusi,” akasema. Kilichochoka, alitueleza, ni ule unga uliogeuza nguvu ya radiumu kuwa mwanga. Radiumu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ikifungwa ndani ya saa nzima, madhara yake ni madogo. Ikikwanguliwa, vumbi lake huvutwa au humezwa, nalo hukaa mifupani kama chokaa ya mwili.

Tuliporudi nyumbani tulisoma zaidi. Huko Marekani wasichana waliopaka saa rangi hiyo walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Baadhi yao walioza mataya, wakafa vijana. Watano wa New Jersey walishitaki kiwanda chao, wakalipwa mwaka 1928. Na tazama ajabu: tangu mwaka 1922 radiumu nyingi ya dunia ilisafishwa Olen, Ubelgiji, kutoka mawe ya Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Huenda babu alinunua kwa mshahara wake chembe ya udongo wa nchi yake mwenyewe.

Wapo Ulaya mafundi wenye vyombo vya kufanya kazi hiyo kwa usalama, nao pia wengi huikataa. Basi saa imo ndani ya kopo, juu ya kabati, na mwanetu amenuna. Mzee wa Beni hakudai hata faranga moja.

Ilitubaki kurudi kwa yule kijana. Twaungama kwamba tuliahirisha siku tatu, kwa kuona haya kumfundisha mtu kazi yake. Alitusikiliza akiwa na wembe mkononi.

“Mwalimu,” akauliza, “na zile nilizokwisha kupuliza?”

Hatukuwa na jibu. Tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, sisi naye, tukaipangusa meza kwa vitambaa vibichi, polepole, tusirushe vumbi. Mdogo wake, aliyemletea chakula kama kila siku, tulimwambia asimame mbali.